Kiwiko, bega, shavu la mguu: kutafuta chanzo cha maumivu ya wachezaji wa raketi Lubumbashi

Malalamiko yanayofika kwa kine (mtaalamu wa mazoezi ya tiba) kutoka viwanja vya tenisi, skwoshi, badmintoni na meza za pimpo ni yale yale kila mwaka, na mengine yana msimu wake. Juni na Julai, asubuhi zikiwa na baridi na saruji ya kiwanja bado haijaona jua, wanakuja wenye mashavu ya mguu yaliyochanika na wenye kano za kisigino. Mvua za kwanza zikianguka, vumbi jekundu linageuka utelezi na vifundo vinapinduka. Kiwiko hakina msimu: kinakuja mwaka mzima.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Tafuta yako, anza na vipimo rahisi, halafu shuka chini. Pale palipoandikwa SIMAMA, acha mazoezi ya nyumbani na umtafute mtaalamu.

Maswali mawili kabla ya yote

La kwanza: katika wiki sita zilizopita, nini kimebadilika? Raketi, kamba, mipira, viatu, kiwanja, idadi ya saa za mchezo, au kazi nje ya mchezo. Mtu amepaka rangi nyumba nzima Jumamosi, Jumapili amecheza seti tatu, Jumatatu analaumu servisi (pigo la kuanzisha mchezo). Majeraha mengi ya raketi hayatokani na ajali. Yanatokana na kano iliyozoea kazi ya saa mbili kwa wiki kupewa ghafla kazi ya saa sita.

La pili: maumivu yanakuwaje kesho yake asubuhi? Yapime kutoka 0 hadi 10. Wakati wa mazoezi ya tiba, maumivu ya 3 au 4 yanakubalika, mradi asubuhi inayofuata yawe yamerudi pale yalipokuwa. Yakizidi, mzigo wa jana ulikuwa mkubwa: punguza uzito au marudio, usiache kabisa. Kupumzika tu kunatuliza maumivu lakini kano inabaki dhaifu, na mechi ya kwanza baada ya mapumziko inayarudisha. Kano inapata nguvu kwa kazi iliyopimwa.

Kiwiko kinauma upande wa nje

Reveri (pigo la mgongo wa mkono) inachoma, kushikana mikono kunauma, kukamua nguo kunauma. Anayesonga bukari anakijua vizuri kuliko wote: kila mwiko unapogeuza unga mzito sufuriani, maumivu yanatoka kwenye mfupa wa nje wa kiwiko na kushuka hadi katikati ya mkono. Kinachouma ni kano ya misuli inayoinua kifundo cha mkono, pale inapojishika kwenye mfupa. Mara nyingi inawapata watu wa miaka 35 hadi 55, na mchezaji wa wikiendi kuliko wa mashindano.

Hakikisha kwanza kwa vipimo vitatu. Nyoosha kiwiko, kunja ngumi, mgongo wa mkono ukiwa juu, kisha inua ngumi huku mkono wa pili ukiizuia. Halafu fungua vidole na mtu akikandamize kidole chako cha kati kwenda chini huku wewe unamkatalia. Mwisho, inua kiti cha plastiki kwa kushika mgongo wake, kiganja kikitazama chini. Viwili kati ya vitatu vikiamsha maumivu yale yale mahali pale pale, umepata jibu. Vyote vikikaa kimya, na kugeuza shingo ndiko kunakoleta maumivu au ganzi mkononi, tatizo liko shingoni. Kiwiko kinapokea tu.

Sababu inayoongoza ni ile ya swali la kwanza: saa zimeongezeka ghafla. Inayofuata ni reveri ya mkono mmoja inayopigwa kwa kuchelewa, mpira ukiwa tayari umefika ubavuni, kiwiko kikitangulia mbele na kifundo kikiwa kimelegea. Hiyo haitibiwi na kine peke yake. Mwalimu amsogeze mchezaji akutane na mpira mbele ya mwili, au ampe reveri ya mikono miwili.

Kisha vifaa, na hapa ndipo watu wengi wanapoteza miezi. Kamba za poliesta hazikatiki haraka, kwa hiyo zinabaki kwenye raketi mwaka mzima. Kutokatika si kuwa hai: poliesta inapoteza mvuto ndani ya wiki chache na kubaki ngumu kama waya, na mtetemo wote unaingia mkononi. Mwenye kiwiko kibovu aombe kamba laini za nyuzi nyingi, na mvuto upungue kilo 1 hadi 2. Aliyekuwa kwenye 25 aende 23. Fundi atasema mpira utatoka nje. Kwa kiasi fulani ana haki: Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na shirikisho la kimataifa la tenisi lina mipira maalumu kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Sisi tuko ukingoni. Mpira wa kawaida hapa unaruka haraka kidogo kuliko ufukweni, ndiyo maana wachezaji wanakaza kamba. Kiwiko ndicho kinachotozwa.

Mipira nayo ipimwe. Mpira mzuri wa tenisi ukiachwa kutoka sentimita 254 juu ya saruji unaruka hadi kati ya sentimita 135 na 147. Weka alama ukutani, panda juu ya kiti, uachie. Usiofika 120 ni wa watoto kuchezea lupangoni. Ukiendelea nao unalazimika kupiga kwa nguvu zaidi ili ufike ng'ambo. Uliolowa na mvua ni mzito, na ni mbaya zaidi.

Mpini: shika raketi kama kawaida, kisha jaribu kupitisha kidole cha shahada cha mkono mwingine kati ya ncha za vidole na kiganja. Kikienea sawasawa, mpini ni wako. Kisipoingia, mpini ni mwembamba na unabana mkono kupita kiasi ili raketi isizunguke. Surgripu (utepe wa kuzungushia mpini) moja ya ziada inatosha mara nyingi.

Mazoezi sasa. Wiki ya kwanza na ya pili, laza mkono mezani, kiganja kikitazama chini, kifundo kikining'inia nje ya ukingo. Shika mishikio ya mfuko wa kitambaa wenye unga wa mahindi kilo 1. Inua kifundo kiwe sawa na mkono na ukae hapo sekunde 45 bila kusogea. Mara 5, pumzika dakika moja hadi mbili katikati, kila siku. Kuanzia wiki ya tatu, pandisha kwa sekunde 3, shusha kwa sekunde 4, mara 12, seti 3, siku moja ndiyo siku moja hapana. Seti zote zikiwa rahisi kwa siku mbili mfululizo, ongeza nusu kilo ya unga. Hesabu wiki 6 hadi 12. Watu wanakosea kwa njia moja: wiki ya tatu maumivu yanapungua, wanaacha unga na kurudi kwenye mechi.

Ukanda wa kiwiko unasaidia wakati wa kucheza, mradi ufungwe vidole viwili au vitatu chini ya mahali panapouma, juu ya nyama ya mkono. Wengi wanaufunga juu ya mfupa wenyewe, na hapo haufanyi kazi.

Kuhusu sindano ya kortizoni: maumivu yanaisha haraka, hilo ni kweli. Lakini tafiti zilizofuatilia wagonjwa mwaka mzima zilionyesha kwamba waliochomwa walirudiwa na maumivu zaidi ya waliofanya mazoezi, na hata zaidi ya waliosubiri tu. Iwe njia ya mwisho.

SIMAMA kama kiwiko kimevimba, kina joto na una homa. Kama hakinyooki baada ya kuanguka. Kama vidole vinapoteza nguvu. Kama mgonjwa ni mtoto ambaye bado anakua. Au kama wiki 12 za mazoezi ya kweli hazijabadilisha kitu.

Kiwiko kinauma upande wa ndani

Hii ni ya wanaosokota mpira kwa nguvu kwenye pigo la mbele na wanaovunja kifundo kwenye servisi. Mazoezi ni yale yale ya mfuko wa unga, kiganja kikitazama juu. Tofauti moja inahitaji macho: kidole kidogo na cha pete vikiwa na ganzi, au vikiamka vimekufa usiku, mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya kiwiko umebanwa. Usilale kiwiko kikiwa kimekunjwa, usikiegemeze mezani, na ganzi ikizidi wiki tatu au mkono ukianza kudondosha vitu, SIMAMA.

Bega linauma kwenye servisi na smashi

Inua mkono kutoka ubavuni hadi juu kabisa. Maumivu yakianza karibu nyuzi 60 na kuisha baada ya nyuzi 120, chanzo cha kwanza cha kufikiria ni kano za misuli inayozunguka bega. Zinachoka kwa sababu ya kazi ya breki: kila servisi, baada ya mpira kuondoka, misuli midogo ya nyuma ya bega ndiyo inayosimamisha mkono uliorushwa. Wachezaji wengi wana kifua chenye nguvu na breki dhaifu.

Sababu ya pili ni bega lililokaza nyuma. Lala chali, mkono uwe sawa na bega, kiwiko kikunjwe nyuzi 90, mtu ashikilie bega lisiinuke, kisha angusha kiganja kuelekea miguuni. Linganisha na upande wa pili. Wachezaji wa raketi huwa na upungufu kidogo upande wa raketi. Tofauti ikifika nyuzi 20 au zaidi na mzunguko mzima wa bega nao umepungua, fanyia kazi. Vuta mkono kupita mbele ya kifua, shikilia sekunde 30, mara 4, kila siku. Usilazimishe.

Kwa ajili ya breki, tafuta mpira wa ndani wa tairi la baiskeli na uukate uwe ukanda mrefu. Ufunge kwenye nguzo usawa wa kiwiko, weka taulo lililokunjwa kati ya kiwiko na mbavu, kisha zungusha mkono kwenda nje, polepole, mara 15, seti 3, siku tatu kwa wiki. Taulo likianguka, umefanya kwa mgongo badala ya bega. Ongeza kuvuta ukanda kwa mikono miwili kuelekea tumboni huku mabapa ya bega yakikutana. Baada ya wiki nne, zoezi la kwanza lifanywe mkono ukiwa umeinuliwa usawa wa bega, maana servisi haipigwi kiwiko kikiwa ubavuni.

Wakati wa tiba, pigo la mbele na reveri chini ya bega vinaweza kuendelea. Servisi zihesabiwe. Anza na 20 za nusu nguvu, siku moja ndiyo siku moja hapana, ongeza 10 kila mara asubuhi inapokuwa nzuri.

Zipo shida mbili zinazofanana na hii ya kano zilizochoka lakini sizo. Bega ambalo hata mtu mwingine hawezi kulizungusha kwenda nje, kwa mtu wa miaka 40 hadi 60, ni bega lililoganda. Linawapata sana wenye kisukari, kwa hiyo sukari ipimwe. Nyingine ni kano iliyokatika: mchezaji ameanguka, au amesikia kitu kikiachia, na tangu hapo mkono haupandi. Huyo asisubiri wiki sita za ukanda wa baiskeli. SIMAMA, apate ekografia au IRM (picha ya mashine ya sumaku) na daktari wa mifupa mapema.

Maumivu ya bega la kushoto, taya au kifua yanayokuja unapokimbia na kupungua ukikaa, hasa yakiwa na jasho baridi au kukosa pumzi, usiyapeleke kwa kine. Hayo ni ya moyo mpaka daktari aseme vingine. Nenda dharura saa hiyo hiyo.

Kifundo cha mkono

Maumivu upande wa kidole kidogo, kwa mwenye reveri ya mikono miwili au anayesokota sana: kano ya upande huo au gegedu dogo linalotenganisha mifupa. Bandeji ngumu wiki mbili hadi tatu, raketi kando, kisha mazoezi ya kubana na kuzungusha. Kukiwa na mlio wa "tak" unaorudi na maumivu, apimwe na mtaalamu.

Mambo mawili yanayopotea hapa. Umeangukia kiganja, na panauma kwenye shimo linalojitokeza chini ya kidole gumba unapokiinua: chukulia kwamba mfupa mdogo umevunjika hata kama radio (picha ya eksirei) ya kwanza ni safi. Fungwa, urudie radio baada ya siku 10 hadi 14. Mfupa huo unalishwa damu vibaya, na ukiachwa unaweza kukataa kuunga. Pia, maumivu ndani ya kiganja, pale kitako cha mpini kinapogonga chini ya kidole kidogo, yanaweza kuwa ufa wa mfupa ambao radio ya kawaida inaukosa. Mwambie anayepiga picha kwamba unacheza raketi.

Shavu la mguu: "nilidhani nimepigwa jiwe"

Karibu kila mgonjwa anasema sentensi hiyo, na wengi wanageuka kutazama nani amerusha. Inatokea kwenye hatua ya kwanza ya kukimbilia mpira mfupi, na mara nyingi kwa mtu aliyepita miaka 35.

Kazi ya kwanza ni kujua kama ni msuli au ni kano kubwa ya kisigino. Mgonjwa alale kifudifudi, miguu ikining'inia nje ya kitanda au benchi. Binya shavu la mguu mzima: unyayo unasogea kidogo kwenda chini. Binya la mguu ulioumia. Unyayo ukisogea vile vile, kano ipo. Ukikaa kimya, kano imekatika.

Usidanganywe na mambo mawili: mwenye kano iliyokatika anaweza bado kutembea, na anaweza bado kusukuma unyayo chini kidogo kwa kutumia misuli mingine. Ndiyo maana kesi hizi zinakaa wiki tatu zikipakwa dawa ya kuchua kabla ya kufika kwa daktari. Kano iliyokatika: SIMAMA. Funga mguu ukiwa vidole vimeelekea chini, asikanyage, afike hospitali yenye daktari wa mifupa siku hiyo au kesho yake. Hospitali ya Sendwe au kliniki za chuo kikuu zinajua kazi hii. Iwe kwa upasuaji au kwa gipsi na kiatu, matokeo yanategemea kuanza mapema.

Kama ni msuli, siku tatu za kwanza: bandeji ya kubana kutoka vidoleni hadi chini ya goti, mguu juu ya mito, kisigino kiinuliwe ndani ya kiatu kwa kipande cha sandali cha sentimita 1, magongo kama kukanyaga kunauma. Hapana masaji, hapana maji moto, hapana pombe. Kuchua kwa nguvu msuli uliochanika kunaongeza damu inayovuja ndani. Siku ya nne au ya tano anza kusukuma unyayo dhidi ya kitambaa. Ukiweza kutembea bila kuchechemea, simamia vidole kwa miguu miwili, 3 x 15. Halafu mguu mmoja. Tenisi inarudi pale mguu ulioumia unaposimamia vidole mara nyingi sawa na mzima, na unaruka mara 10 bila maumivu. Kwa machaniko ya kawaida ni wiki 4 hadi 8.

SIMAMA pia kama shavu limevimba bila pigo lolote, lina joto na linauma likibinywa, hasa baada ya safari ndefu ya kukaa garini kutoka Kolwezi au ya ndege. Damu inaweza kuwa imeganda kwenye mshipa, na kulichua ndilo jambo baya zaidi la kufanya.

Kisigino kigumu asubuhi

Hatua za kwanza kutoka kitandani zinauma, baada ya dakika chache mguu unalegea, mechi inaenda vizuri, kesho yake ni pabaya kuliko jana. Hiyo ni kano ya kisigino iliyochoka. Sababu, kwa mpangilio: saa nyingi kwenye saruji, viatu vilivyoisha, shavu dhaifu, baridi ya asubuhi bila kupasha mwili moto.

Simama kwenye ngazi kwa nusu ya mbele ya unyayo, panda kwa miguu miwili, shuka kwa mguu mbovu polepole hadi kisigino kipite chini ya ngazi. Marudio 15, seti 3 goti likiwa limenyooka na seti 3 likiwa limekunjwa kidogo, mara mbili kwa siku, wiki 12. Ukizoea, beba begi lenye kilo 5 mgongoni, kisha 10. Kama panauma pale kano inapojishika kwenye mfupa wa kisigino, wala si sentimita chache juu yake, fanya sakafuni bila kushuka chini ya usawa.

Sasa swali ambalo wachezaji hawalitegemei: umekunywa siprofloksasini miezi ya karibuni? Hapa kwetu inanunuliwa farmasini bila karatasi ya daktari kila tumbo linapochafuka au tifoidi inapotajwa. Dawa za jamaa hiyo, pamoja na ofloksasini na levofloksasini, zinaweza kudhoofisha kano hadi zikatike, ya kisigino kuliko zote. Hatari inaongezeka kwa mwenye miaka zaidi ya 60 na kwa anayetumia kortizoni pamoja nazo, na inaweza kujitokeza hata miezi kadhaa baada ya kumaliza vidonge. Ukiwa unazitumia na kisigino kinaanza kuuma, acha kucheza na mrudie aliyekuandikia ili abadilishe dawa.

Kifundo cha mguu kimepinduka

Kabla ya barafu, mfupa. Piga radio kama mojawapo ya haya lipo: mgonjwa hakuweza kutembea hatua 4 pale pale na bado hawezi, panauma ukibonyeza ukingo wa nyuma au ncha ya mfupa wa kifundo, ndani au nje, katika sentimita 6 za mwisho, panauma kwenye kitako cha mfupa wa upande wa kidole kidogo, katikati ya ukingo wa nje wa unyayo, au panauma juu ya mfupa ulio mbele ya kifundo upande wa ndani. Kama hakuna hata moja, kuvunjika ni nadra sana.

Mguu usivutwe wala "kunyooshwa" na mtu yeyote siku ya kwanza. Mfupa haujatoka mahali pake. Kilichochanika ni kano zinazoshika kiungo, na kuzivuta ni kumalizia kazi. Sashe ya maji iliyogandishwa, ikizungushiwa kitambaa, dakika 10 hadi 15, mara kadhaa kwa siku. Bandeji, mguu juu. Siku ya tatu anza kusogeza unyayo juu na chini, na kukanyaga kadiri maumivu yanavyoruhusu. Gipsi ya wiki sita kwa kifundo kilichopinduka kawaida ni adhabu isiyo na sababu.

Wiki ya pili na kuendelea, simama mguu mmoja sekunde 30, mara 5, kila siku. Kisha ukiwa umefumba macho. Kisha mtu akikurushia mpira. Hiki ndicho kipande kinachorukwa, na ndicho kinachozuia kupinduka mara ya pili. Kwa miezi 6 hadi 12 cheza na kifundo kilichofungwa kwa kishikizo au plasta.

Na viatu. Viatu vya kukimbia vina kisigino kirefu na laini. Vimetengenezwa kwa kwenda mbele. Kwenye hatua za pembeni vinabinuka na kifundo kinafuata. Kiwanjani tafuta soli pana, ya chini, yenye ukuta mgumu pembeni. Baada ya mvua, mtu afagie saruji na kuikausha kabla ya mechi, hata kama wanaosubiri wananung'unika.

Goti na mgongo, kwa kifupi

Maumivu chini ya kilegesambwa baada ya kuruka na kusimama ghafla: egemea ukuta kama umekaa kwenye kiti, sekunde 45, mara 5, kila siku, kisha mapaja yafanyiwe kazi kwa uzito. Goti lililojaa ndani ya saa mbili baada ya mlio, au linalojifunga halinyooki, au linaloachia ukigeuka: SIMAMA. Ndani kuna kitu kilichochanika, na mafuta ya kupaka hayafiki huko.

Mgongo wa chini kwa mtu mzima mara nyingi unatoka kwenye servisi inayopinda nyuma bila msaada wa nyonga. Tembea, endelea na kazi nyepesi, punguza servisi wiki mbili, imarisha tumbo na matako. Kijana wa miaka 10 hadi 18 ni suala jingine: mgongo ukimuuma anapojipinda nyuma kwa zaidi ya wiki mbili tatu, anaweza kuwa na ufa wa mfupa. Aache servisi na apigwe picha. Kwa umri wowote, maumivu ya mgongo ya usiku yenye homa, jasho na kukonda yapimwe kifua kikuu cha uti wa mgongo. Ganzi kati ya mapaja, au mkojo kushindwa kutoka au kujizuia, ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Mtoto mwenye selimundu anayeumwa mifupa ya mikono au miguu baada ya mazoezi ya asubuhi ya baridi hana jeraha la raketi. Avikwe, anyweshwe maji, apelekwe hospitali.

Jicho

Mpira wa skwoshi na shatilikoki la badmintoni vinaenea ndani ya tundu la jicho. Mpira wa tenisi ni mkubwa lakini hauko salama. Baada ya pigo: usibonyeze, usiweke matone ya mtu mwingine, funika bila kukandamiza. Ukiona ukungu, mwanga unaomweka, pazia jeusi, au damu mbele ya sehemu yenye rangi ya jicho, nenda kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo, ukiwa umekaa wima.

Kupasha mwili moto asubuhi ya Juni

Dakika 12 kabla ya mpira wa kwanza: 4 za kukimbia polepole na hatua za pembeni, 3 za kusimamia vidole na kuchuchumaa, 2 za ukanda wa baiskeli kwa bega, 3 za kubadilishana mipira ndani ya maboksi ya servisi. Fulana ya mikono mirefu isivuliwe kabla jasho halijatoka. Servisi ya kwanza kwa nusu nguvu, ya kumi kwa nguvu yote. Sindano au kidonge cha diklofenaki kabla ya mechi si kupasha mwili: kinanyamazisha onyo na kinaumiza tumbo na figo, hasa kwa mtu aliyepungukiwa na maji. Na anayerudi baada ya wiki tatu au zaidi nje ya kiwanja aanze na nusu ya saa alizokuwa akicheza, aongeze kama asilimia 10 hadi 20 kila wiki, bila siku mbili za mechi zinazofuatana katika mwezi wa kwanza.